Mguu wa Mugole

Mchuzi wa maharage ulinimwagikia mguuni nikiwa bibi harusi wa wiki ya nne, na sikusikia kitu. Nilikuwa nimepakata bakuli, mkono ukateleza, nikaona mvuke ukipanda kutoka juu ya mguu wangu wa kushoto na ngozi ikianza kuvimba, nami nimekaa natazama tu, kana kwamba anayeungua ni mtu mwingine. Aliyepiga yowe ni shangazi yangu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu tangu siku tatu nyuma nilijua kwamba mguu ule una kasoro, na nilikuwa nauficha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Niliolewa Ihanda kutoka kwetu Mabira, tukafunga ndoa kanisani kama Walutheri wema, nimevaa gauni jeupe la kuazima. Lakini kabla jua halijazama mila nayo ilidai haki yake. Mugole, ndivyo tunavyomwita bibi harusi, aliwekwa ndani nyuma ya pazia la rubugo, kile kitambaa cha magome ya mti, ale, anenepe, ang'ae, asiguse jembe wala kupigwa na jua mpaka siku ya kutolewa. Kwa ukoo wa mume wangu ilikuwa miezi miwili. Siku hiyo mugole hushika jembe jipya, huvuka uwanja peke yake mbele ya ukoo mzima, huingia kibanjani kwenye migomba na kulima shimo lake la kwanza. Watu huja kutazama anavyotembea. Hawana kingine cha kutazama, maana uso umefunikwa.

Kwa desturi yetu shangazi humfuata mugole ukweni na kukaa naye ndani. Wangu alikuwa mjane mwenye sauti ndogo na sheria nyingi. Ya kwanza ilikuwa hii: binti wa kwetu hanyooshi miguu ukweni. Nyumba ilitandikwa nyasi laini, na juu ya nyasi hizo nilikaa nimekunja miguu yote miwili chini yangu, nimeelemea upande wa kushoto, tangu asubuhi mpaka watu wanapokwenda kulala. Nami nina kichwa kigumu tangu kuzaliwa, basi niliongeza ya kwangu. Shangazi akiniambia nipumzike kidogo, maana hakuna anayeniona, nilikataa. Nilitaka wakwe zangu waseme kwamba Mabira kuna watu wenye adabu kuliko kwao.

Siku ya kwanza nilipoamka na kuona mguu hauinuki, nilidhani umekufa ganzi tu. Nikausugua, nikaupiga kofi, nikasimama. Kisigino kilitii, lakini sehemu ya mbele ilining'inia. Nikipiga hatua vidole vilikwaruza nyasi, kisha unyayo ukaanguka chini kwa kishindo, pa. Nilikwenda uani kujisaidia nikiwa nimeshika ukuta, na kila hatua ilisema pa. Nilirudi nikakaa upesi kabla shangazi hajafungua macho. Mume wangu alikuwa akiingia taa zikiwa zimezimwa, naye hakuona kitu.

Mchuzi ndio ulionitoa maficho. Shangazi alinipaka samli penye malengelenge, na kadiri alivyopaka ndivyo alivyoona kwamba sishtuki. Akachukua mwiba wa limau uliokuwa umechomekwa kwenye pazia, akanichoma nao juu ya mguu. Damu ikatoka. Nikamtazama. Aliuweka ule mwiba chini polepole, akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, mbali nami, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Hakulitaja jina. Sikuhitaji alitaje. Kaka wa bibi yetu alianza hivyo hivyo, aliungua bila kusikia, mguu ukalala, vidole vikafuata. Walimpeleka kijiji cha wenye ukoma, na nyumba yake ikachomwa moto pamoja na vyombo vyake vyote. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka harufu ya vile vyungu na nyasi zikiungua. Kama mimi nami ninao, ningerudishwa Mabira kabla ya kutolewa ndani, na kutoka Mabira ningepelekwa huko alikopelekwa yeye. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikuwa nimeishi na mume wangu hata siku moja mchana kweupe.

"Zimebaki wiki nne," shangazi alisema kutoka kule aliko. "Utavukaje uwanja?"

Shangazi alijisingizia kifua. Alikohoa siku nzima kwa bidii hata mimi nikaanza kumhurumia, na kesho yake wakwe wakamwita dresa, yule mhudumu wa dawa na vidonda wa zahanati. Dresa huyu alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba, mtu mzima, aliyerudi kutoka vita vya Burma. Huko alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya askari, akiwafundisha kutembea upya wale waliopigwa risasi miguuni. Hili hatukulijua. Tulichojua ni kwamba alikuwa na daftari, na kwamba wenye ugonjwa ule huandikwa humo na majina kupelekwa wilayani.

Alimsikiliza shangazi kifua, akasema kifua hiki ni kizima. Shangazi akafunga pazia vizuri, akamwelekeza kwangu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nyoosha mguu."

Nilimtazama shangazi. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaunyoosha, mara ya kwanza katika wiki nne, tena mbele ya mwanamume nisiyemjua, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Alinifunga macho kwa kitambaa. Akasema atanigusa kwa unyoya wa kuku, nami kila nikisikia niseme ndiyo. Nikasema ndiyo. Nikasema tena ndiyo. Kimya kikapita, nikaona nimechelewa, nikasema ndiyo ya tatu.

"Sijakugusa hata mara moja," alisema. Hakukasirika. "Mwanangu, ukinidanganya mimi hutapona. Tuanze upya."

Tukaanza upya na nikasema kweli. Unyayo ulisikia. Kisigino kilisikia. Juu ya mguu na upande wa nje wa muundi hapakusikia unyoya wala sindano. Akanifungua macho, akanikagua mgongo, mikono, akabonyeza nyuma ya viwiko na chini ya masikio akitafuta mishipa iliyovimba, akatafuta mabaka yaliyopauka. Kisha akabonyeza upande wa nje wa goti, chini kidogo, palipo na kifundo cha mfupa. Kitu kilinichoma kutoka hapo mpaka vidoleni. Nikaruka.

"Mshipa wa fahamu unapita hapa juu ya mfupa, hauna nyama ya kuulinda," alisema. "Ukiubana siku nzima, kila siku, unalala. Nimeona askari waliochuchumaa handakini wakaamka na mguu kama huu. Unakaaje?"

Shangazi akajibu kwa niaba yangu, kwa fahari kidogo, kwamba nakaa kama binti mwenye adabu.

"Basi huenda ni hiyo adabu. Lakini sitawaficha. Ukoma nao unapenda mshipa huu huu. Baka silioni, lakini wakati mwingine baka hutangulia na wakati mwingine huchelewa. Mambo ni mawili, na leo siwezi kuwaambia ni lipi."

"Utajua lini?" nikauliza.

"Mguu ndio utakaotuambia. Kama ni kubanwa, tukiacha kuubana na tukiufanyisha kazi, utaanza kuamka. Utawashwa, utatambaliwa na sisimizi, kisha utauma. Ukianza kuuma, mshukuru Mungu. Kama ni ule mwingine, hautaamka." Akafunga mkoba. "Sitaandika kitu mpaka wiki sita ziishe."

Kabla hajaondoka alitufundisha. Nisikunje goti lile tena, si kwa mtu yeyote. Shangazi ashike mguu na kuusukuma vidole vielekee kwangu, mara thelathini asubuhi, mchana na jioni, na kila anaposukuma mimi niuamrishe kuinuka, hata kama hautii, maana usipoamrishwa unasahau. Nivute unyayo kwa ukanda wa kitambaa ili msuli wa nyuma ya muundi usikaze. Nisuguliwe juu ya mguu kwa makole, yale maganda makavu ya mgomba, kisha kwa samli. Na akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli yake kilichokuwa na viraka, akakifunga chini ya goti na kukipitisha mbele ya unyayo, kikauinua mguu ukasimama. Nilitembea chumbani bila kile kishindo. Nilitaka kumbusu mikono.

Sasa fikiria shida yetu. Dawa yangu ilikuwa kunyoosha mguu, na mbele ya wakwe mguu haunyooshwi. Dawa yangu ilikuwa kutembea, na mugole hatembei. Tulifanya kazi asubuhi, nyumba nzima ikiwa kibanjani au kwenye shamba la kahawa, na shangazi akitega sikio. Akisikia hatua uani ananitupia shuka, nami nakunja miguu juu juu, nimeinua kiuno kidogo ili goti lisilale, mapaja yakitetemeka mpaka mtu aondoke. Mara thelathini, mara tatu kwa siku. Inuka, nilikuwa nauambia. Mguu ulilala mikononi mwa shangazi na haukufanya lolote.

Nilimwona shangazi akinawa mikono kila tunapomaliza. Si kunawa kwa kawaida. Alikuwa akisugua kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Nilimchukia kwa hilo, nikajilaumu kumchukia, maana hakukosa zamu hata moja.

Wiki mbili zikapita hivyo. Asubuhi moja, shangazi akisugua kwa makole, nilihisi kitu juu ya kidole gumba, kidogo sana, kama mdudu anayetembea. Nikamwambia aache. Kikaendelea. Niliomba pale pale, kimoyomoyo, nikimwambia Mungu kwamba kama ni mchezo aniambie mapema.

Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, mama mkwe alikuja na dada zake wawili kunitazama.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na mpaka siku ile hatukuwa tumeongea zaidi ya salamu. Waliketi wote watatu mbele yangu, wamekunja miguu kwa ustadi. Nami nikakunja. Nilijiambia watakaa kidogo tu. Wakaanza habari za mvua, za kahawa, za ng'ombe aliyeharibu mimba, za mchungaji mpya. Niliinua kiuno mpaka nguvu zikaniishia, goti likalala. Yule mdudu wa kidoleni alikuwa bado anatembea. Nilikuwa namsikiliza yeye, si wao. Wakaingia habari za msiba wa kule Nyakatuntu, nani kazikwa, nani kalia na nani hakulia, na katikati ya msiba huo mdudu akanyamaza.

Nilingoja. Nikajifinya mguu chini ya shuka. Hakuna kitu.

Nilimtazama shangazi, naye akanikazia macho yanayosema vumilia. Na ndipo hasira ikanishika, hasira ya kweli, kwamba nitapoteza mguu wangu kwa ajili ya msiba wa mtu nisiyemjua. Nikautoa mguu chini yangu, nikaunyoosha mbele ya wakwe zangu, ukalala kwenye nyasi na kovu lake jekundu, vidole vimeangukia mbele.

Dada mmoja alisogeza shuka lake kidogo, kama mtu anayepisha maji. Shangazi alifungua mdomo na kusema nimeteguka.

"Nendeni mkaangalie kahawa kama imegeuzwa," mama mkwe aliwaambia dada zake. Walitoka wakitazamana. Alingoja mpaka sauti zao zifike mbali, akanigeukia. "Mguu huu umeanza lini?"

Shangazi akarudia kwamba nimeteguka. Nikasema, "Hapana, mama. Hauinuki. Na juu hapa hausikii. Dresa amesema labda mshipa umebanwa kwa kukaa, labda ni ukoma. Hajui."

Nililitaja jina ambalo shangazi hakuwahi kulitaja, na kulitaja kulinipa nguvu ya ajabu. Shangazi alifunika uso. Mama mkwe hakusogea mbele wala nyuma.

"Kubanwa kwa kukaaje?"

"Kukunja miguu, mama. Tangu asubuhi mpaka usiku."

"Na nani alikwambia ukae hivyo mwezi mzima?"

"Ni adabu."

"Adabu ya nani?" Alinitazama, akamtazama shangazi, kisha mimi tena. "Mwanangu, kwetu mugole huegemea ukuta akanyoosha miguu, apumzike. Mimi nilikuwa nashangaa. Nilisema watu wa Mabira wana mambo magumu, lakini mgeni usimwaibishe, basi nikawaambia wanawake wote wa nyumba hii, mkiingia kwa mugole kaeni kama yeye. Dada yangu mkubwa goti lake bovu. Kila akitoka humu namkanda kwa maji moto."

Sikujua nicheke au nilie. Mwezi mzima tulikuwa tukiteseka pande zote mbili za chumba, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetaka. Nilimwangalia shangazi. Alikuwa akitazama nyasi.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaushika mguu wangu. Aliugeuza huku na huku, akabonyeza penye kovu, akanitazama usoni. Nilitikisa kichwa kwamba sisikii. Mkono wake haukuondoka.

"Mimi si dresa," alisema. "Sijui ni lipi katika hayo mawili. Nitakaa na mguu huu mpaka nijue."

Aliuambia ukoo kwamba mugole hajanenepa, kwa hiyo hatatolewa bado. Kwetu maneno hayo ni fedheha kwa mama mkwe, maana ndiye anayelisha. Watu walisema ni mchoyo, kwamba anapima ndizi za mkwewe. Alizijua zote hizo habari, akawa anaingia nazo kwangu zikiwa bado moto, akisema, "Leo nimeambiwa nakulisha maganda. Inua mguu."

Shangazi aliaga kesho yake. Alisema anakwenda Mabira kuchukua mbegu za ulezi na atarudi kabla ya Jumapili. Aliniaga akiwa amesimama mlangoni. Jumapili ilifika, na nyingine, na sikuuliza tena.

Mama mkwe hakuwa na upole. Shangazi alikuwa akihesabu kwa kunong'ona, huyu alihesabu kama mtu anayetwanga.

"Inua."

"Siwezi, mama."

"Sikukuuliza kama unaweza. Inua."

Alinisimamisha mgongo ukiwa kwenye nguzo ya nyumba, visigino chini, niinue vidole vya miguu yote miwili pamoja, ili ule mzima umfundishe mwenzake. Alinitoa uani asubuhi, kinyume na mila zote, akanitembeza kati ya migomba nikiwa na ule mpira, kisha bila mpira, yeye nyuma yangu akisikiliza. Nikipiga kishindo ananirudisha mwanzo. Niliwahi kumwambia kwamba hata punda hupumzishwa. Alinijibu kwamba punda hana siku ya kuvuka uwanja. Kuna asubuhi nilimchukia kiasi cha kutaka ugonjwa uwe ule mbaya, ili ashindwe.

Alikula nami sahani moja kila siku, mkono wake na wangu katika ndizi zile zile. Lakini wajukuu zake waliokuwa wakichungulia pazia hawakuja tena. Niliwasikia uani wakifukuzwa kwa sauti yake. Aliogopa naye. Aliogopa kwa ajili yao, na kwa ajili yake mwenyewe akaamua tu kula. Nililielewa hilo na liliniuma vile vile.

Wiki ya tano baada ya dresa, mdudu alirudi. Wiki ya sita akaja na wenzake, jeshi zima la siafu kutoka gotini mpaka vidoleni, kisha moto. Mguu uliuma, na maumivu yale sikuwahi kuyajua kabla wala baada, hata katika uzazi. Shuka likinigusa napiga yowe. Nililala chali juu ya nyasi nikilia na kucheka, mama mkwe amekaa pembeni, akiniuliza kila baada ya muda, kwa wasiwasi, "Bado unauma?" Nikisema bado, anasema asante Mungu, anapangusa jasho.

Dresa alikuja na unyoya wake. Safari hii sikusema ndiyo ovyo. Alinigusa mara kumi, nikasikia saba. Akaniambia niinue. Kidole gumba kilipanda, kiasi cha unene wa punje ya hindi, kikatetemeka, kikashuka. Aliniambia nirudie, na kikarudia. Akatoa daftari lake mkobani nami nikashika pumzi. Alikuwa anatafuta tu kalamu iliyokuwa chini yake, amwandikie mama mkwe siku ya kurudi.

"Ulibanwa," alisema. "Si kingine. Usikae tena vile mpaka unaingia kaburini."

Nilitolewa mwezi mmoja na zaidi baada ya wakati wake. Mguu haukuwa umepona sawasawa. Nilifunga mpira chini ya kanga, na ili vidole visikwaruze niliinua goti juu kidogo kuliko watu wengine. Nilivuka uwanja hivyo, jembe begani, jasho likinitiririka chini ya ushungi, nikihesabu hatua. Nilikuwa sina hakika na hata moja kati ya hizo. Baadaye niliambiwa ukoo ulisema mugole yule ana maringo, anatembea kama binti wa mtemi. Mama mkwe aliwajibu kwamba ndivyo wanavyotembea Mabira.

Baada ya mavuno ya kahawa, mume wangu alinipeleka kwetu, kama inavyopasa, mugole arudi kuwasalimu wazazi. Tulitembea siku mbili, yeye akisukuma baiskeli yenye mizigo, nami nikipanda nikichoka. Nilikuwa na shauku ya kumwona mama yangu mpaka nikaacha kuongea njiani. Tulipofika nyumbani mguu ulikuwa umechoka na ulianza tena kuburuta vidole kidogo.

Mama alitoka ndani. Kwetu mama humkumbatia binti yake, bega hili, kisha lile, kwa muda mrefu. Alisimama hatua nne mbele yangu. Aliniangalia miguu, na akaniangalia miguu kwa muda kabla hajaniangalia uso. Nyuma yake, kwenye kivuli cha mlango, alikuwa amekaa shangazi.

Nikajua amewaambia. Miezi yote ile, nilipokuwa nikiusukuma mguu Ihanda, huku kwetu walikuwa wakinililia.

Walitukaribisha uani. Mume wangu alipewa maji ya ndizi katika kibuyu cha nyumba, kile nilichokijua tangu utotoni. Mimi niliwekewa kibuyu kidogo kipya chenye mrija wake peke yake, kikawekwa juu ya jani la mgomba, mbali na vingine, ili kikimaliza kazi kitupwe pamoja na jani lake. Hakuna aliyenieleza. Mume wangu alikiona, akashusha chake chini bila kunywa.

Nilitaka kuondoka. Badala yake nilikunywa nusu, nikasimama, nikavua ndala, nikaenda mpaka alipo shangazi. Mguu ulikuwa umechoka lakini niliuinua mbele yake, vidole juu, kisigino chini, mara moja, mara mbili, mpaka mara ya saba ulipokataa. Nikamnyooshea kile kibuyu kwa mikono miwili.

"Kunywa, shangazi. Dresa amesema sina."

Aliingiza mikono yake chini ya shuka. Hakunitazama.

Sikujua nifanye nini na kibuyu. Nilisimama nacho, na nadhani ningekiangusha. Mama alikuja akakitoa mikononi mwangu. Aliushika mrija ule ule, akaangalia mguu wangu mara nyingine, hofu ikiwa bado imemjaa machoni, akanywa mpaka tukasikia hewa ikivutwa chini ya kibuyu.